Bomba Lililochelewa: Jinsi Maji ya Ziwa Victoria Yalivyofika Shinyanga

Kipindi cha historia ya nchi jirani. Andiko la kusomwa hewani na katika vikundi vya wasikilizaji.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia maji. Wewe uliyepanga dumu lako kwenye foleni kabla jua halijachomoza unalijua vizuri swali tutakalolijibu. Maji yapo, tena si mbali sana. Kwa nini basi hayanifikii? Watu wa Shinyanga, nchini Tanzania, waliuliza swali hilo kwa miaka mingi sana. Kaka msimulizi, tupeleke huko.

MSIMULIZI: Asante, dada. Wasikilizaji, nawasalimu nyote.

Shinyanga iko kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma. Ni nchi ya ng'ombe, pamba, mtama na mahindi. Mvua zake ni za msimu, na zikikatika hukatika kweli. Miezi ya kiangazi mito mingi hukauka ukabaki mchanga mtupu. Hapo wanawake na watoto hushuka mtoni na kuchimba mashimo mchangani, wakangoja maji yachuruzike, wakayachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ijae. Wengine hutegemea malambo, yale mabwawa madogo ya kukinga maji ya mvua, ambapo binadamu na mifugo hunywa pamoja. Mji wenyewe wa Shinyanga ulitegemea bwawa, na kina cha bwawa hutegemea mvua.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kutoka mjini Shinyanga hadi Mwanza, kando ya ziwa, ni kama kilomita 160 kwa barabara. Na ziwa lenyewe ni la pili duniani kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na karibu nusu yake iko ndani ya mipaka ya Tanzania. Mtu aliyechimba mchanga ili apate ndoo moja alikuwa raia wa nchi yenye maji mengi namna hiyo.

MTANGAZAJI: Basi, kaka, kilomita 160 ndizo zilizowashinda?

MSIMULIZI: Hapana, dada. Mabomba marefu kuliko hayo yalikwisha kujengwa duniani tangu zamani. Vizuizi vilikuwa vitatu: karatasi, fedha na matunzo. Tuanze na karatasi, maana ndiyo watu wengi hawaijui.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Wazo la kuyatoa maji ya Ziwa Victoria kuelekea kusini ni la zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hiyo walifanya upimaji wa mfereji. Walitaka kuyachukua maji kutoka ziwani hadi mbuga za Manonga na Wembere ili kumwagilia mashamba ya pamba. Hawakuwa wakifikiria ndoo ya mama wa Kisukuma, walifikiria viwanda vya nguo vya Ulaya. Vita ikazuka mwaka 1914, Wajerumani wakashindwa, na mpango ukabaki kwenye makaratasi. Nchi ikaingia mikononi mwa Waingereza kwa jina la Tanganyika.

Waingereza nao walikuwa na jambo lao. Maji ya Ziwa Victoria hutokea Jinja, Uganda, yakawa Mto Nile, yakapita Sudan hadi Misri. Misri ni nchi isiyo na mvua ya kutosha, uhai wake wote umekaa juu ya mto huo. Na Uingereza ilikuwa na maslahi makubwa Misri, hasa pamba na Mfereji wa Suez.

Mwezi Mei 1929, Uingereza na Misri zilibadilishana barua zilizokuwa na nguvu ya mkataba. Barua hizo zilisema kwamba, bila Misri kukubali kwanza, isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme juu ya Nile, matawi yake au maziwa yake, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, kuyachelewesha au kuyashusha kina kwa namna ya kuidhuru. Sharti hilo liliihusu Sudan na nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, yaani Tanganyika, Kenya na Uganda. Hakuna Msukuma aliyeulizwa, wala Mjaluo, wala Mganda.

MTANGAZAJI: Na wasikilizaji wetu kutoka Kongo na Burundi? Wao hawakuwa chini ya Mwingereza.

MSIMULIZI: Nao waliguswa, dada. Mwaka 1906 Uingereza ilikubaliana na ile Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold kwamba pasijengwe kitu juu ya mto Semliki kitakachopunguza maji yanayoingia Ziwa Albert, bila ridhaa ya serikali ya Sudan. Semliki unatoka Ziwa Edward, unapita mashariki ya Kongo, na maji yake huishia Nile. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji zikakubaliana juu ya mito ya mpakani kati ya Tanganyika na Ruanda-Urundi. Na wewe unayetoka Burundi, kumbuka kwamba mto Ruvubu unaingia Kagera, Kagera unaingia Ziwa Victoria. Maji ya milima yenu yamo ndani ya ziwa tunalolizungumzia leo. Wengi wetu hapa, hata tukitoka nchi mbalimbali, tumekunywa kwenye bonde moja.

Karatasi hizo zilikuwa na meno. Waingereza walipojenga bwawa la umeme la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, walilijenga kwa makubaliano na Misri, na mhandisi wa Misri akawekwa pale pale Jinja kuangalia maji yanavyoachiwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana maji ya Nile kati yao wawili: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu, ambako mvua hunyesha na mito huanza, hazikutajiwa fungu.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu Julius Nyerere akakabiliwa na swali ambalo kila nchi mpya ilikuwa nalo: mikataba iliyotiwa saini na mkoloni inamfunga nani? Jibu lake lilikuwa kwamba mikataba ya namna hiyo ipewe miaka miwili ya kuangaliwa upya, na isiyokubaliwa upya ndani ya muda huo ife. Kuhusu Nile hakungoja. Mwezi Julai 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Misri ikajibu kwamba yanaendelea kuwa halali mpaka yapatikane mengine. Kila upande ukashika neno lake.

Lakini barua haichoti maji. Tanganyika ilikuwa imejitoa kwenye karatasi, na Shinyanga bado walichimba mchanga. Hapo ndipo tunakutana na kizuizi cha pili na cha tatu.

Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo kubwa: ndani ya miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Maji yalikuwa bure. Serikali, kwa msaada wa nchi rafiki, ilichimba visima, ikafunga pampu, ikatandaza mabomba. Vijiji vingi vilipata maji. Kisha ikaja miaka migumu. Dizeli ya pampu ikakosekana. Kipuri kikiharibika, fundi alipaswa kutoka mkoani, na gari la fundi halikuwa na mafuta. Wanakijiji waliona pampu imezimika wakasema, "Pampu ya serikali imekufa," wakarudi mtoni na ndoo zao. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali.

MTANGAZAJI: Hapo, kaka, naona wasikilizaji wengi wanatikisa vichwa.

MSIMULIZI: Ndiyo, maana jambo hilo si la Tanzania peke yake. Kitu kilichojengwa bila kuulizana nani atakitunza, huwa ni cha kila mtu siku ya kufunguliwa, na si cha mtu siku ya kuharibika.

Tuingie miaka ya 2000. Wakati huo, katika wilaya ya Kahama, mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulikuwa tayari unavuta maji ya ziwa kwa bomba lake. Watu waliona kwa macho yao kwamba jambo linawezekana. Shida ilikuwa nani alipe gharama ya bomba la wananchi. Benki ya Dunia, kwa mfano, ina kanuni kwamba mradi unaogusa mto au ziwa linalotumiwa na nchi kadhaa ni lazima nchi hizo ziarifiwe kwanza, na pingamizi zao zisikilizwe. Kwa hiyo ile karatasi ya 1929, hata kama Tanzania iliikataa, iliweza kumfuata mtu mpaka kwenye mlango wa benki.

Tanzania ikachagua njia nyingine. Mwezi Februari 2004, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, ilitangaza kwamba itajenga bomba la Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama kwa fedha zake yenyewe, bila kuomba ruhusa Cairo. Kazi ilipewa kampuni ya ujenzi kutoka China. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete akauzindua mradi.

MTANGAZAJI: Tueleze bomba hilo linavyofanya kazi, ili hata aliye mbali alione.

MSIMULIZI: Maji huchukuliwa ziwani mahali paitwapo Ihelele, wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Kwanza huingia kwenye mtambo wa kusafishia: uchafu hugandishwa kwa dawa na kutuama chini, maji huchujwa, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Baada ya hapo pampu kubwa za umeme huyasukuma kupanda mlima Mabale, yakajaza tenki. Kutoka mlimani maji hushuka yenyewe kwa uzito wake kuelekea Shinyanga na Kahama. Mabomba makuu yana urefu wa zaidi ya kilomita 150, na uwezo wa mtambo ulipoanza ulikuwa mita za ujazo 80,000 kwa siku, yaani lita milioni 80. Vijiji vilivyo kando ya njia viliunganishwa pia, na watu huchota kwenye vituo vyenye koki. Mamlaka moja, KASHWASA, huzalisha maji na kuyauza kwa jumla. Mamlaka za miji na jumuiya za watumia maji za vijijini huyanunua na kuyagawa kwa wananchi.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo moyo wa hadithi. Lita milioni 80 kwa siku, bila kusimama mwaka mzima, ni takriban mita za ujazo milioni 29. Fungu ambalo Misri ilijipatia mwaka 1959 ni mita za ujazo milioni 55,500. Gawanya. Bomba la Shinyanga, likifanya kazi kwa uwezo huo wote, linachukua sehemu moja kati ya sehemu 1,900 hivi za fungu la Misri. Tena maji mengi ya Nile yanayofika Aswan, kama asilimia 85, hutoka Ethiopia, hayatoki Ziwa Victoria.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo hofu ya Misri ilikuwa ya bure?

MSIMULIZI: Tusiwadharau Wamisri, dada. Mtu anayetegemea mto mmoja kwa karibu maji yake yote ana haki ya kuuliza huko juu kunajengwa nini. Mkulima maskini wa Misri naye ni mtu mwenye kiu. Ila kuna tofauti kati ya bwawa la kumwagilia mashamba makubwa na maji ya kunywa ya binadamu. Maji ya kunywa ya watu laki kadhaa hayaukaushi Nile. Karatasi iliyowachanganya wote pamoja, mwenye shamba kubwa na mama mwenye ndoo, ndiyo iliyokosea.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Nchi za bonde hazikuacha kuzungumza. Mwezi Februari 1999 zilikutana Dar es Salaam na kuanzisha chombo cha ushirikiano wa Bonde la Nile. Tarehe 14 Mei 2010, mjini Entebbe, Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania zilitia saini mkataba mpya unaosema maji yatumiwe kwa haki na busara bila kuumizana. Kenya ilifuata siku chache baadaye, na Burundi mwaka 2011. Misri na Sudan zilikataa. Ilichukua miaka 14 mpaka nchi sita ziwe zimeuridhia, ya mwisho ikiwa Sudan Kusini, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan bado hawaukubali. Mazungumzo hayajaisha.

Bomba nalo halikuishia Kahama. Kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, lilirefushwa kwenda kusini hadi Nzega, Igunga na Tabora. Igunga, ndugu wasikilizaji, iko kando ya zile mbuga za Manonga na Wembere. Yaani maji ya ziwa yalifika kule kule ambako Mjerumani alitaka kuyapeleka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tofauti ni kwamba safari hii yalikwenda kwa ajili ya watu kunywa.

MTANGAZAJI: Karatasi tumeisikia, fedha tumezisikia. Imebaki matunzo.

MSIMULIZI: Na matunzo hayana sherehe ya uzinduzi. Pampu za Ihelele hula umeme usiku na mchana, na ankara ya umeme huja kila mwezi. Dawa za kusafishia maji hununuliwa. Bomba hupasuka, koki huchoka, mita huibwa. Ndiyo maana maji hayo si bure. Mwanakijiji hulipia ndoo yake, na fedha hukusanywa na jumuiya ya watumia maji ya kijiji chake. Jumuiya inayotunza hesabu vizuri, inayosoma mapato na matumizi mbele ya mkutano, humlipa fundi na maji huendelea kutoka. Jumuiya ambayo fedha zake hazijulikani ziliko, koki yake hukauka hata kama bomba kuu limejaa. Kadhalika wapo waliopitiwa na bomba kuu mbele ya nyumba zao wakabaki muda mrefu bila kuunganishwa. Kwao, kuona bomba na kukosa maji ilikuwa kiu mbili.

MTANGAZAJI: Kaka, msikilizaji wa kambini hana serikali ya kijiji wala hakujenga bomba. Hadithi hii inamfaa nini?

MSIMULIZI: Inamfaa hivi. Shinyanga walipata maji pale swali lao lilipopata vipimo. Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Vikiwepo vipimo, mtu anaweza kusimama mkutanoni na kusema: hapa kwetu pamepungua.

Na wewe mkimbizi una vipimo vyako. Viwango vya kibinadamu vinavyoitwa Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hujipima kwavyo, vinasema angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kituo cha maji kisizidi mita 500 kutoka nyumbani, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, na foleni isizidi dakika 30. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi hulenga lita 20 kambi ikishatulia. Vipimo hivyo havilet maji peke yake, hasa fedha za misaada zinapopungua. Lakini kamati ya maji inayohesabu madumu, inayoandika koki ngapi zimeharibika na tangu lini, inazungumza lugha ambayo mhandisi hawezi kuipuuza. Dumu la lita 20 lililogawanywa kwa watu wa nyumba moja ni hesabu inayoweza kufanywa na mtoto wa shule.

Kumbuka pia wenyeji wanaotuzunguka. Wao nao wengi huchota mbali. Mradi wa maji unaopita kijijini kwao kwenda kambini bila kuwaachia koki hata moja unapanda chuki. Shinyanga imetufundisha hilo.

MTANGAZAJI: Asante sana, kaka. Ndugu msikilizaji, kabla hatujaagana, haya hapa maswali ya kujadili katika kikundi chenu.

Swali la kwanza: Nyumbani kwenu, kabla ya kukimbia, maji mliyapata wapi, na nani alikuwa na jukumu la kuyatunza?

Swali la pili: Katika mtaa wenu kambini, koki moja inahudumia watu wangapi? Hesabuni wiki hii, mwandike.

Swali la tatu: Koki ikiharibika, taarifa inapelekwa kwa nani, na inachukua siku ngapi kutengenezwa? Je, wanawake, ambao ndio wachotaji wakubwa, wana sauti katika kamati ya maji?

Majibu yenu yapelekeni kwenye kamati ya maji ya mtaa wenu, nayo iyafikishe kwa wahusika. Mimi na kaka msimulizi tunawatakia siku njema, na dumu lijae. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)